Mchanga Juu ya Pengo

Kuna kazi ambazo zikienda vizuri hakuna kinachotokea, na yeye alikuwa ameangukia mojawapo. Mpishi akipika vizuri, watu watalamba vidole. Mshonaji akikata gauni likakaa mwilini, mwenye gauni atazunguka mtaa mzima kujionyesha. Lakini injinia wa matengenezo ya madaraja akifanya kazi yake sawasawa, daraja linabaki pale pale lilipokuwa jana, watu wanapita juu yake wakiongea na simu, na hakuna hata mmoja atakayeshusha kioo cha gari aseme ahsante. Hilo alikuwa amelizoea. Alichoshindwa kukizoea ni lami.

Daraja lililomnyima raha lilikuwa la kutokea mjini, juu ya mto ambao wakati wa kiangazi mtu angeuvuka bila kukunja suruali, na mvua zikianza ungebeba ng'ombe na kamba yake. Lilijengwa kabla yeye hajazaliwa, na waliolijenga hawakuiba saruji. Likitunzwa, lingewavusha hata wajukuu wa watu ambao bado hawajaoana. Tatizo lilikuwa mahali pamoja tu. Pale daraja linapoishia na barabara ya ng'ambo kuanza, paliachwa pengo la upana wa kiganja, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Halikuachwa kwa bahati mbaya. Jua likiwaka daraja hutanuka, baridi ikiingia hujikunyata, na pengo ndiyo nafasi yake ya kujinyoosha. Ndani ya pengo hukaa mpira mrefu unaobana na kuachia, ili maji na mchanga visianguke kwenye vichwa vya mihimili iliyobeba daraja. Mpira ukifa, maji hupita. Maji yakipita, nondo hushika kutu ndani ya zege, polepole, bila kelele, mpaka siku zege linapoanza kubanduka na malori yanaambiwa yatafute njia nyingine.

Mpira wa daraja hili ulikufa zamani. Injinia, kama walivyomwita wote kazini, alikuwa akishuka chini ya daraja na tochi kila alipopata gari lenye mafuta, na kila akishuka aliikuta ile alama ya kutu kwenye mhimili wa pembeni imerefuka. Mvua nyingine kubwa ikipita bila mpira mpya, mhimili ule ungeanza kubanduka. Alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake, na alikuwa amelisema mpaka sauti ikamkauka.

Na huku juu, watu wa lami walikuwa wanaziba.

Kila vijana wake walipolisafisha pengo, kikosi cha lami kilipita nyuma yao na kulifunika. Madereva hawakupenda ule mshindo wa matairi, walilalamika, na lami ikamwagwa. Baada ya muda lami ilipasuka, vijana wake wakaitoa na kusafisha tena, madereva wakalalamika tena. Ungedhani ni mchezo wa watoto, ila hapa kulikuwa na rola.

Kikosi hicho cha lami kilikuwa na msimamizi, mtu mpole, mwenye mikono mipana na aibu ya kuvaa viatu vichafu ndani ya gari la watu. Wenzake walimwita Bwana Laini, kwa sababu hakuweza kuona tuta barabarani akalala usingizi. Alikuwa mume wa Injinia.

Mwanzoni walijaribu kuzungumza. Walirudi jioni kutoka karakana ile ile, walipanda gari moja, na kabla hawajafika kwenye taa za barabarani yeye alikuwa ameshaanza: "Umeziba tena." Mume akisema watu wanalalamika, yeye akijibu, "Nimekwambia usizibe." Akiuliza kwa nini, damu ilimchemka, maana aliona kama anachezewa: mtu wa barabara, mwenye uzoefu, anauliza kwa nini? "Usizibe, basi. Kiswahili hukisikii?" Chakula kilipoa mezani. Watoto walijifunza kula haraka. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa, alisema anaona afadhali arudi kwenye nyumba yake yenye popo kuliko kukaa na watu wanaogombania shimo. Basi wakakubaliana: kazi inabaki mlangoni pamoja na viatu. Ndani ya nyumba hakuna daraja, hakuna lami. Amani ikarudi, wanashiba, wanacheka, na Injinia akaona kwamba walau kitu kimoja maishani mwake kimetengenezwa kikatengenezeka.

Kilichobaki ni Mkuu wa idara. Mkuu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, nalo ni "tutaona". Mpira wa daraja? Tutaona. Kufunga daraja siku chache? Tutaona. Lami haikuambiwa tutaona, kwa sababu lami inaonekana. Unaweza kuwaalika wageni wakasimama juu ya lami wakakata utepe. Chini ya daraja, kwenye popo na matope, nani atakwenda kukata utepe? Injinia alipigwa danadana ofisi hii na ile mpaka walinzi wa milangoni wakawa wanamsalimia kwa kumwonea huruma. Hakukata tamaa, ila alikuwa amechoka ule uchovu ambao hauishi kwa kulala.

Halafu mpira ukaja. Ulikuja umeviringishwa ndani ya kasha la mbao, mweusi, mzito, umekatwa kwa kipimo cha daraja lile na si jingine. Hakukuwa na wa akiba. Fundi wake mkuu, mzee aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia hata mvua ikinyesha, aliugusa kwa kidole na kusema, "Kumbe wakubwa nao wana mioyo."

Wakalifunga daraja. Magari yakapelekwa kwenye kivuko cha zamani, madereva wakatukana wakamaliza. Vijana walivunja kingo mbovu za pengo, wakazimwaga upya kwa zege safi, wakaupaka mpira gundi na kuukalisha mahali pake, ukakaa kama ulizaliwa pale. Juu yake Taratibu akatandika magunia yaliyoloweshwa, na juu ya magunia mchanga, akaumwagia maji. Zege changa linataka unyevu. Kwa watu wa madaraja, mchanga mbichi juu ya zege maana yake ni moja, na haihitaji kibao: hapa kuna mtoto amelala, msimwamshe.

Asubuhi iliyofuata Taratibu alimwagia mchanga maji, akaweka vizuizi vyake vya mbao, akaenda na vijana kuzibua mitaro ya daraja jingine. Injinia aliitwa kwenye kikao.

Kikao kilihusu wageni. Walikuwa wanakuja kesho yake kufungua soko jipya lililoko ng'ambo ya mto, na Mkuu alitaka kujua viti vitatoka wapi na nani atasimama karibu na nani. Injinia alikaa mwisho wa meza akiwaza gundi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na hasira na mtu. Walipomaliza mambo ya viti, Mkuu akafunga kalamu yake na kusema, kama mtu anayetoa habari njema, "Na kwa kuwa daraja limefungwa, tusipoteze nafasi. Nimewaambia watu wa lami wapitishe moja kwa moja mpaka sokoni. Wageni wateleze tu."

"Wapitishe wapi?" Injinia aliuliza.

"Juu ya daraja. Wameanza tangu asubuhi." Mkuu akamtazama kwa mshangao. "Si unaishi naye? Nilidhani amekuambia."

Hakukumbuka alivyoinuka. Alipiga simu akiwa kwenye ngazi, akapiga tena akiwa kwenye gari, na simu ililia bila kupokewa, kwa sababu mtu aliyesimama kando ya rola hasikii hata ngurumo. Aliendesha akiwa ameuma meno. Njiani alijisemea kwamba mume wake ana macho, ameuona mchanga, atakuwa amesimama.

Mume wake alikuwa ameuona mchanga.

Alikuwa amesimama katikati ya daraja, kofia mkononi, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Nyuma yake lami mpya ilikuwa imelala nyeusi, bila mkunjo, kutoka mjini hadi ng'ambo, na palipokuwa na pengo palitoka mvuke mwembamba, mchanga wa chini ukichemka. Rola ilikuwa inarudi kinyumenyume kupita pale pale kwa mara nyingine. Vizuizi vya Taratibu vilikuwa vimepangwa vizuri kando ya ukingo, kwa heshima zote.

"Zima," Injinia alimwambia dereva wa rola. Dereva akamtazama Bwana Laini. "Nimesema zima."

Rola ikazimwa. Ukaja ukimya ambao ndani yake mto ulisikika.

"Nimeuona mchanga wako," mume wake alisema kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani. "Ahsante."

"Ahsante ya nini?"

"Ya kututayarishia. Nikawaambia vijana, mnaona, wametuwekea mchanga wenyewe. Leo tumeelewana."

Ndipo alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuumiza kuliko kama asingeelewa. Watu wa lami nao wana mchanga wao. Wakifika kwenye kifuniko cha shimo la maji taka, au kitu chochote ambacho hawataki kishikane na lami, hukitandikia mchanga kwanza, kisha wanapita juu. Kwao mchanga maana yake ni: tayari, piteni. Alikuwa amemwambia msimwamshe mtoto, na mume wake akasikia karibuni ndani. Na kwa nini asisikie hivyo, ikiwa jana jioni walikula pamoja, wakacheka kwa sababu mtoto mdogo alimwiga mwalimu wake, na hakuna aliyesema neno moja kuhusu daraja? Walikuwa wameitunza amani yao vizuri mno.

"Chini ya huo mchanga kuna mpira," alisema. "Kuna zege halijakauka. Mmeupitishia rola."

Furaha ilimtoka Bwana Laini usoni mpaka Injinia akatamani kumtazama mtu mwingine.

Alimpigia simu Taratibu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya idara Taratibu alifika mbio. Walikata lami kwa mashine, wakainyanyua kwa sururu ingali moto. Mchanga ulikuwa umeshindiliwa ndani ya pengo ukawa kama tofali. Waliuchokonoa kwa tindo, kisha kwa vidole. Upande wa juu wa mto mpira ulikuwa mzima, umebonyea tu. Upande wa chini rola ilipita mara nyingi zaidi. Huko gundi ilikuwa imeachia, mawe yameingia, na mpira umechanika kwa urefu kama soksi kuukuu.

Taratibu aliushika ule uliochanika, akaugeuza, akauweka chini. "Huu umekwenda, Injinia."

"Najua."

"Na ndio upande wa ule mhimili."

"Najua, fundi."

Mkuu alifika wakati huo, gari lake jeupe likasimama mwanzo wa lami mpya. Aliikanyaga kwa ncha ya kiatu, akaridhika, kisha akaona mfereji waliouchimba. Alisimama akashika kiuno.

"Hii nini?"

Injinia alimweleza. Alieleza kwa utulivu kadiri alivyoweza, mikono imejaa lami, na Mkuu alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua iishe.

"Sawa, bahati mbaya," Mkuu alisema. "Basi fukieni, pawe sawa kwa kesho. Wageni wakiondoka tutaona."

"Tukifukia, na huu mpira uliopona utakufa."

"Injinia, mpira wako uko chini. Nani atauona?"

"Hakuna. Hakuna atakayeuona. Ndiyo maana unatakiwa ufanye kazi." Sauti ilianza kumpanda, akaiacha ipande. "Siku mhimili ukibanduka utauona. Soko lako utalipelekea mizigo kwa mitumbwi."

Vijana wote wakajifanya wanatafuta kitu chini. Mkuu akamgeukia Bwana Laini, ambaye alikuwa amesimama na sururu mkononi, na kumwambia achukue rola na watu wake waende kumalizia mbele ya soko, huko bado kuna kazi. "Huyu mwache na shimo lake. Wageni wakirushwa hapa kesho, atawaeleza mwenyewe."

Injinia alimtazama mume wake. Hakumtazama kwa kumwomba, alijiapia baadaye, alimtazama tu. Bwana Laini alisimama kidogo, akaangalia ule mpira uliochanika, akaiegemeza sururu kwenye ukingo wa daraja taratibu kama kitu cha kuvunjika. Kisha akawaita vijana wake, rola ikawaka, wakaondoka.

Injinia alifanya kazi mpaka jua likaanza kushuka. Waliusafisha mpira mzima, wakaupaka gundi tena. Upande uliochanika waliuziba kwa kamba iliyolowekwa lami na vipande vya mpira wa gurudumu, kazi ya kubabaisha ambayo mvua ya kwanza ingeicheka. Kila dereva wa pikipiki aliyejipenyeza kati ya vizuizi alikuwa na la kusema. Mmoja aliuliza nani kawatuma kuharibu barabara nzuri namna hii. Injinia alikuwa amepiga magoti, na kwa hasira aliyokuwa nayo hakuamini kama akisimama angeweza kukaa tena.

Nyumbani aliacha viatu mlangoni, akanawa mikono, lami haikutoka, akakaa mezani hivyo hivyo. Mume wake alikuwa ameshafika, ameoga. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Watoto walikula kama zamani, haraka, wakaondoka. Mama mkwe ndiye aliyebaki akiwatazama mmoja mmoja.

"Leo mchana nimepita mtoni," mama mkwe alisema. "Mwanangu, ile lami! Nikasema, hii ni mikono ya mwanangu. Kurudi jioni nakuta kuna watu wameichimba katikati. Mtu mwenye roho mbaya kama hiyo anazaliwa wapi?"

"Ni mimi, mama," Injinia alisema.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. Akafikiri. "Basi utakuwa na sababu zako, mkwe wangu," alisema, akainuka na sahani yake kwenda kumalizia jikoni.

Wakabaki wawili. Injinia alikuwa na maneno mengi, ameyapanga njia nzima, na la kwanza lilikuwa uliniacha. Kabla hajalitoa, mume wake akasema, bila kumtazama:

"Naomba nikuulize kitu cha kazi."

"Humu ndani?"

"Humu ndani." Akasogeza bilauri yake, akairudisha. "Lile pengo. Mlikosea wapi?"

"Tulikosea nini?"

"Vipimo. Au walikosea waliojenga, sijui. Mimi nimekuwa najua kwamba walipima vibaya, daraja likaja fupi, likashindwa kufika. Madaraja marefu nayajua, yana yale machuma yake ya kuchezacheza. Lakini lile ni kidaraja tu. Nikasema hapa watu walikosea, na sasa mke wangu amewekwa alinde kosa la watu." Alisugua meza kwa kidole. "Madereva wakipita pale wanawatukana watu wa madaraja. Mimi nawasikia. Wanasema, huyo injinia wao hajui kazi. Basi nilikuwa nikipata mabaki ya lami, nafunika. Ili wasiseme."

Injinia alimtazama. Hasira yote aliyoibeba kutoka mtoni ilikuwa bado ipo kifuani, ila ilikosa mahali pa kwenda.

"Uliniuliza kwa nini," alisema pole pole. "Zamani. Ulikuwa unauliza kweli?"

"Nilikuwa nauliza kweli."

Akachukua sahani mbili tupu za watoto. Akaziweka mezani zikiwa zimekaribiana, akaacha nafasi ya kidole kati yake. "Hii ni daraja. Hii ni barabara ya ng'ambo. Jua likiwaka, hii inatanuka." Akaisukuma kidogo, nafasi ikapungua. "Usiku inarudi." Akachanganya na maelezo ya mpira, ya maji, ya nondo, ya alama ya kutu inayorefuka, na kwa mara ya kwanza aliyasema bila kupiga kelele, kama anavyowaeleza wageni wa ofisini. Hayakuchukua muda. Maji ya kunywa hayakuwa yamepata hata joto kwenye bilauri. Mume wake aliinama akitazama zile sahani, akaisukuma moja mwenyewe, akairudisha, akaisukuma tena.

"Na ukijaza hapa kati," alisema, "inasukuma wapi?"

"Inajisukuma yenyewe. Inapasuka."

Huko jikoni mama mkwe alikuwa anaosha sahani moja ile ile.

"Mke wangu," hatimaye alisema, "barabara ya juu. Ile ambako gari lenu halifiki kwa kukosa mafuta."

"Imefanya nini?"

"Kule nako nimefunika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kule nilifanya vizuri zaidi, nilikuwa na nafasi. Huwezi hata kupaona palipokuwa na pengo. Nilitaka siku ukija kukagua, ukute hakuna wa kukusema."

"Daraja gani?"

Mume wake akanyoosha sahani zikae sawa, akaanza kuyataja.